Nani Mwenye Nyota?



Ndugu msomaji, ukipita katika mitaa yetu ya Kariakoo, toka Msimbazi mpaka Kongo, ukatazama nguzo za umeme na kuta za vichochoroni, utakuta karatasi zilizobandikwa zenye nambari ya simu na maneno machache: mvuto wa biashara, kumrudisha mume, kusafisha nyota. Hayo mawili ya kwanza wanavyuoni wamekwisha kuyasema sana misikitini, nami sina la kuongeza. Hilo la tatu ndilo ninalotaka kulisema leo, kwa sababu limevaa nguo ya elimu, na kwa sababu wanaolilipia ni watu ninaowajua, wanaofunga na kusali pamoja nasi.

Imani yenyewe iko hivi. Kila mtu, wanasema, amezaliwa na nyota yake. Nyota ikiwaka, mtu hupata wateja, huposwa, hupendwa na wakubwa. Ikichafuka, au hasidi akaichukua, mambo humfunga. Ili kuijua, mganga huchukua jina lako na jina la mama yako, huzihesabu herufi kwa abjadi, hugawa kwa kumi na mbili, na kinachosalia humwambia kama wewe ni Hamali, au Thauri, au Akrabu. Hufungua kitabu chenye kurasa zilizogeuka manjano, na kwa kuwa kitabu kimeandikwa kwa herufi za Kiarabu, muulizaji hudhani bado yumo ndani ya dini.

Usiku wa tarehe 10 Julai 2021 soko kuu la Kariakoo liliungua. Miongoni mwa waliopoteza mali alikuwamo mama mmoja wa mtaani kwetu, mjane, aliyekuwa na kizimba cha viungo: iliki, mdalasini, pilipili manga. Hakubakiwa na kitu ila deni la kikoba. Miezi michache baadaye alinijia baada ya Alasiri, akakaa barazani, akaanza kwa kuniuliza hali ya watoto wote mmoja mmoja, nikajua kuna jambo.

"Sheikh," akasema mwishowe, "nauliza, lakini usinicheke. Nyota ya mtu yaweza kuibiwa?"

"Nani kakwambia hayo, mama?"

Akanieleza. Ameambiwa nyota yake ni Sumbula, imefunikwa na masizi ya ule moto, na aliyeifunika ni mwenzake wa kizimba cha pili. Dawa yake ni shilingi laki tatu. Laki moja amekwisha kuitoa. Zile mbili zilizobaki zitatoka kwenye zamu yake ya kikoba, nayo ni Ijumaa.

Fedha ile ilikuwa ya kuanzia maisha upya, na hilo peke yake lilitosha kunisikitisha. Lakini lilikuwapo zito zaidi. Jirani yake wa miaka kumi na mitano, aliyeunguliwa kama yeye, alikwisha kufanywa mwizi, na salamu baina yao zilikuwa zimekatika.

"Hiyo nyota umeonyeshwa?" nikamwuliza.

"Hapana. Imo kitabuni."

"Basi ngoja nikueleze habari za zile zilizo mbinguni."

Niliyomweleza jioni ile nitayaandika hapa kwa urefu zaidi kidogo, kwani baraza haina nafasi ya yote.

Jua letu ni nyota. Nuru hukimbia kiasi cha kilomita 300,000 kwa sekunde moja, na kutoka jua mpaka kwetu huchukua dakika nane na kidogo. Shiira, nyota inayong'aa kupita zote usiku, nuru yake huchukua zaidi ya miaka minane kutufikia, na hiyo ni katika majirani zetu wa karibu. Waarabu wa ujahili walikuwako walioiabudu, na Mwenyezi Mungu (S.W.T.) akateremsha katika Surat an-Najm kwamba Yeye ndiye Mola wa Shiira. Mimi huona kwamba aya hiyo moja yafunga duka zima la wasafisha nyota. Nyota ina Mola wake. Haikuwekwa chini ya mtu aliyezaliwa Ilala wala aliyezaliwa Makka.

Ama hiyo Sumbula, si nyota moja. Ni nyota nyingi zisizo na ujamaa, nyingine karibu nyingine mbali sana, ambazo macho ya watu wa kale yaliziunganisha wakaona sura ya msichana mwenye shuke la nafaka. Kumwambia mtu kwamba Sumbula yake imepata masizi ni kama kumwambia kwamba taa za Kigamboni na taa za jahazi lililoko baharini ni taa moja, nayo imezimwa na jirani yake.

Sasa twende mbali zaidi. Nyota zote tunazoziona kwa macho, pamoja na ule mkanda mweupe unaokata mbingu, ni za mji mmoja mkubwa, ambao Waarabu huuita majarra na wataalamu wa leo huuita galaksi. Na majarra ziko nyingi mno. Katika usiku wa mwezi wa Mei, baada ya Isha, Msalaba wa Kusini ukiwa umesimama, ipo moja juu kabisa, karibu na utosi. Kwa macho matupu haionekani. Kwa darubini ndogo ya macho mawili, mahali penye giza, huonekana kama alama ya pumzi juu ya kioo. Wameiita M83, kwa kuwa Mfaransa mmoja, Charles Messier, aliiandika ya themanini na tatu katika orodha yake. Lakini aliyeiona kwanza, mwaka 1752, alikuwa mwenzake, Nicolas-Louis de Lacaille, naye alikuwa katika bara letu hili, kule Rasi ya Tumaini Jema.

Umbali wake ni kiasi cha miaka milioni 15 ya mwendo wa nuru. Katika picha za darubini kubwa huonekana umbo lake: katikati pana mstari mnene wa nyota, kama boriti iliyolazwa, na kutoka ncha za boriti hiyo hutoka mikono inayojizungusha kwenda nje, kama miaa ya kawa linalosukwa kuanzia kati. Wataalamu wanasema majarra yetu sisi pia ina boriti kama hiyo.

Ndani ya M83, toka 1923 mpaka 1983, watu wamehesabu nyota sita zilizoonekana zikifa: 1923, 1945, 1950, 1957, 1968 na 1983. Ile ya 1945 haikujulikana mwaka ule. Iligunduliwa miaka mingi baadaye katika picha za zamani zilizokuwa zimehifadhiwa. Mauti ya namna hiyo wanayaita supanova. Nyota iliyo nzito, zaidi ya mara nane ya uzito wa jua, huishi kwa kugeuza vitu vyepesi ndani yake kuwa vizito, na kugeuza huko ndiko kunakotoa joto linaloishikilia isijiangukie. Ifikapo kwenye chuma, joto halipatikani tena. Kiini huporomoka kwa muda usiotimia hata sekunde moja, na matabaka ya juu hurushwa nje kwa mshindo usio kifani. Nyota ambayo hakuna aliyekuwa akiiona hung'aa kama mamilioni mengi ya majua pamoja, kisha baada ya miezi hufifia.

Nilimwambia yule mama: nyota iliyoonekana mwaka 1968 ilikufa miaka milioni 15 kabla yake. Hapakuwa na soko, wala Dar es Salaam, wala mwanadamu. Habari ya kifo chake ilikuwa njiani muda wote huo. Kwa hesabu za mganga, nyota hiyo ilikuwa ya nani?

Alifikiri, kisha akasema, "Labda ya malaika."

Sikumcheka. Aliyekuwa ameniomba nisimcheke ni yeye.

Yafaa niseme habari za waliozigundua mbili za mwisho, kwani mimi ni mwalimu wa kuhifadhisha na habari zao zimenigusa. Ya Julai 1968 iligunduliwa na Jack Bennett wa Pretoria, Afrika Kusini, mtu aliyetazama mbingu kwa mapenzi tu, si kwa mshahara. Ndiye yuleyule aliyeigundua mwishoni mwa 1969 nyota ya mkia iliyong'aa sana mwaka 1970, ambayo wazee wengi wa pwani wataikumbuka. Mimi nilikuwa mtoto na nakumbuka watu wazima wakibishana kama yaleta vita au njaa. Ya Julai 1983 iligunduliwa na Robert Evans, mchungaji wa kanisa huko Australia. Alizikagua majarra mamia, moja baada ya moja, kwa jicho lake, na katika maisha yake aliona nyota za namna hiyo zaidi ya arobaini. Aliwezaje? Alihifadhi. Alijua moyoni nukta zote zilizo pembezoni mwa kila majarra, na nukta moja ikizidi, jicho lake lilikwama hapo.

Kila aliyepata kusikiliza hifdhi ya mtoto anaijua hali hiyo. Mwalimu amefumba macho, huku anafikiria kodi ya nyumba. Mtoto akiruka herufi moja, au akaweka fa mahali pa wau, kichwa cha mwalimu huinuka chenyewe. Hakutafuta kosa. Ukamilifu ulio moyoni mwake ndio uliomwamsha. Simwonei haya mchungaji yule kumtaja katika gazeti la Waislamu, kwani alichokifanya ni kazi tuliyoijua sisi kabla.

Na sisi je? Tarehe 24 Februari 1987 iligunduliwa supanova katika Wingu Kubwa la Magellan, majarra ndogo iliyo jirani na yetu, umbali wa miaka kiasi cha 160,000 ya nuru. Hiyo nayo huhesabiwa miongoni mwa zenye boriti, ingawa umbo lake limevunjika. Waliiona watazamaji huko Chile, na mwingine New Zealand akaiona peke yake bila ya kuambiwa. Tangu mwaka 1604 haikupata kuonekana nyingine wazi namna ile kwa macho matupu, na watu wa Ulaya hawakuweza kuiona kabisa, kwani iko kusini mno. Sisi tuliweza. Tena iliendelea kuongezeka nuru mpaka katikati ya Mei, na Ramadhani ya mwaka 1407 iliingia mwishoni mwa Aprili. Jioni ile ya kuutafuta mwezi nilikuwa miongoni mwa vijana waliopanda darini, mtaa wa Narung'ombe, na taa za mji zilikuwa chache kuliko leo. Sote nyuso zetu zilikuwa magharibi. Ile nyota ilikuwa kushoto kwetu, upande wa kusini, si juu sana, yenye kuonekana na kila mwenye macho. Tulibishana kuhusu mwezi mpaka Isha. Hata leo hubishana hivyo kila mwaka, nami nadhani sababu moja ya ubishi ni kwamba usiku mwingine wote mia tatu na kitu hakuna anayeinua kichwa.

Hawakuwa hivyo waliotutangulia. Ibn al-Jauzi, mwanahistoria wa Baghdad, ameandika kwamba mwanzo wa Shaaban mwaka 396, yaani Mei 1006, ilidhihiri nyota kubwa mfano wa Zuhura, kushoto kwa kibla cha Iraq, miali yake ikionekana ardhini kama ya mwezi, nayo ikabaki mpaka kati ya Dhulkaada. Tazama alivyotaja mahali: kwa kibla. Kibla cha Iraq chaelekea kusini na kidogo magharibi, kwa hiyo kushoto kwake ni kusini, na mtu wa Baghdad hakuhitaji maelezo zaidi.

Misri nako alikuwako kijana mwanafunzi, Ali bin Ridhwan, ambaye baadaye alikuwa tabibu mashuhuri. Naye aliiona. Akaandika kwamba ukubwa wake ulizidi Zuhura mara mbili na nusu au tatu, na nuru yake ilikuwa zaidi kidogo ya robo ya nuru ya mwezi. Akaandika daraja yake katika Akrabu, na mahali pa jua na mwezi na sayari siku ile. Kisha, kwa kuwa aliamini unajimu kama wengi wa zama zake, akaongeza kwamba nyota ile ilileta vita na ghali na maradhi.

Miaka elfu imepita. Wataalamu wa karne ya 20 walipotafuta mabaki ya nyota iliyong'aa kuliko zote zilizowahi kuandikwa na wanadamu, walichukua vipimo vya bin Ridhwan, pamoja na habari za Wachina na wengineo, na mabaki yamepatikana. Yale ya vita na ghali hakuna aliyeyahitaji. Vita na ghali vilikuwako mwaka kabla ya nyota na mwaka baada yake.

Na laiti angalilikumbuka la Mtume (s.a.w.). Siku aliyofariki mwanawe Ibrahim jua lilipatwa, watu wakasema limepatwa kwa msiba wake. Baba mwenye msiba, mbele ya watu wanaompenda, angeweza kunyamaza tu. Alisimama akawafundisha kwamba jua na mwezi ni alama mbili za Mwenyezi Mungu, havipatwi kwa kufa mtu wala kwa kuishi kwake. Ikiwa jua halikupatwa kwa ajili ya mtoto wa Mtume, Sumbula itachafuka kwa ajili ya kizimba cha nani?

Asidhani msomaji kwamba napiga vita falaki. Falaki ya hesabu ndiyo iliyotupa nyakati za sala zinazobandikwa misikitini, na kibla chetu cha Dar es Salaam, ambacho ni kaskazini karibu sawasawa. Wakulima wetu walipanda kwa kutazama Kilimia, na manahodha walivuka bahari kwa nyota. Hayo yote ni kuuliza: nyota iko wapi? Mganga huuliza jingine: nyota inakutaka nini? Swali hilo la pili ndilo lililoharamishwa, na hadithi inatuonya kwamba amwendeaye mpiga ramli na kumwuliza jambo, sala yake haikubaliwi siku arobaini. Watu wa soko, wenye kuhesabu kila senti, wangelihesabu na hilo.

Yule mama hakunipa jibu. Aliaga, akaenda zake kabla ya Magharibi. Alichofanya na laki mbili zake ni siri yake na Mola wake, wala sikumwuliza. Najua tu kwamba kabla ya Ramadhani alikuwa ametandika viungo vyake upya, kwenye kibaraza cha duka la ndugu yake, na mizani aliyopimia aliazimwa na yule jirani.

Mizani ile ilikuwa ya zamani, ya sahani mbili na mawe ya chuma. Chuma hicho nacho kina habari. Wataalamu wanasema chuma kilichomo ardhini, na kilichomo katika damu yetu, kilitengenezwa ndani ya nyota zilizolipuka kabla jua letu halijaumbwa, kikatawanyika, kikakusanyika tena. Katika Surat al-Hadid, katika aya moja, Mwenyezi Mungu ametaja Mitume, na Kitabu, na mizani ili watu wasimamie uadilifu, kisha akataja kuteremsha chuma. Wako wanaoikamata aya hii mbiombio wakasema ni ilimu ya supanova. Mimi naogopa kuifunga Qur'ani kwa kamba ya nadharia za watu, kwani kamba hubadilishwa. Lakini siwezi kusema kwamba sikuitazama mizani ile kwa jicho jingine, wala sikuwaza juu ya mtu anayepunja kwa jiwe lililotoka huko lilikotoka.

Siku hizi wanafunzi wangu wakubwa hupanda darini usiku wa Alhamisi baada ya Isha. Darubini hatuna. Tuna daftari moja la kurasa mia, lenye mistari, na kila mmoja kwa zamu huandika tarehe ya Kiislamu na ya kizungu, saa, upande, na alichokiona: Zuhura, Mushtara, Kilimia, Msalaba. Wengine walitaka kuandika na mawazo yao, nimewakataza. Taa za maghorofa zimetula sehemu kubwa ya mbingu, na upande wa mashariki hatuoni kitu chini ya nusu. Majuma mengine pana mstari mmoja tu, wenye tarehe, saa, na maneno haya: mawingu, hatukuona.